Visanduku Vinavyohesabiwa Kutoka Kulia

Mpaka leo nikipewa kitabu mkono wangu huenda nyuma kwanza. Nakilaza mgongo wake ukiwa kulia, nakifungua, nakutana na ukurasa wa mwisho. Wajukuu zangu hucheka. Huniambia, "Bibi, umekishika vibaya," nami huwajibu kwamba mikono yangu haina kosa, kitabu ndicho kilichofungwa upande usio wake. Hawanielewi, wala siwalaumu. Ili wanielewe ingewabidi wakae nami katika chumba kimoja cha kiwanda cha chapa, upande wa Malindi ya Mji Mkongwe, miaka ile ya mwanzo ya sabini, masika yamekolea, mvua inapiga bati mpaka mtu anasahau alikuwa akiwaza nini.

Nilikuwa mpanga herufi. Siku hizi nikisema hivyo watu hudhani nilikuwa nikipiga taipu. La. Herufi zenyewe zilikuwa vipande vya risasi, kila kimoja na uso wake mdogo kinyumenyume kama kwenye kioo, na kila aina ilikuwa na chumba chake ndani ya kasha pana la mbao. Nilichukua mojamoja, nikaipanga kwenye kibao cha chuma nilichokishika mkono wa kushoto, mpaka mstari ukajaa. Palipotakiwa nafasi nyeupe, nilitia vipande visivyo na herufi, vifupi, ambavyo wino hauvifikii. Hivyo tuliviita vipofu, kwa kuwa havina uso. Mama yangu alisema vidole vyangu vimekuwa vya mtengeneza baiskeli na hina haitashika tena. Hina ilishika, lakini wino nao haukutoka, kwa hiyo harusini nilikwenda na rangi mbili.

Aliyenifundisha alikuwa mzee tuliyemwita Maalim, ingawa hakuwa na chuo cha Kurani wala mwanafunzi ila mimi. Ujana wake wote aliutumia kupanga herufi za Kiarabu: juzuu za watoto wa chuoni, maulidi, nyakati za kufuturu. Nilipofika mimi kazi za namna hiyo zilikuwa haziji tena. Kila kilicholetwa kilikuwa cha herufi za Kizungu, kama matangazo na vibao vya majina ya miche ya shamba la serikali la Kizimbani, na yeye alivipanga vyote bila kinyongo. Makasha yake ya Kiarabu yalikaa chini ya dirisha, yamefunikwa kanga kuukuu. Kila asubuhi aliifunua, akapuliza vumbi, akaifunika tena.

Alikuwa na haja moja tu duniani na hakuificha. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kabla hayajafungika alitaka apange kitabu kimoja zaidi kinachofunguliwa kwa kulia.

"Cha nini, Maalim?" nilimuuliza siku moja.

"Chochote, mwanangu. Hata kiwe cha kupika bokoboko."

Nilimwahidi kwamba kitakuja. Sikuwa na sababu ya kuahidi, ila nilimpenda, na mtu humwahidi ampendaye hata asichokuwa nacho.

Ndipo akaja mgeni mmoja na kazi ambayo haijapata kuingia chumbani mwetu. Alikuwa mtaalamu kutoka nchi za mbali, mwembamba, shingo imeiva kwa jua, akiwafundisha vijana wa karakana ya simu na redio. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, kimenyooka mpaka kinakwaruza. Alimwambia Maalim, "Hujambo, mzee," nasi wengine tukaangaliana. Maalim akamjibu, "Sijambo, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe.

Mgeni akatoa mfukoni kidude cheusi, kidogo, chenye miguu ya chuma pande mbili kama tandu. Akasema ndani ya kile kidude mna mashine inayohesabu. Maalim akakitia sikioni asikie kama kinakwenda, akakirudisha. Mgeni alitaka tumpigie chapa kitabu kidogo cha Kiswahili, kiwaeleze vijana wake mle ndani mna nini na hesabu zinakaa wapi.

"Zinakaa ndani ya rejista," akasema.

Mimi nikacheka, maana rejista niliyoijua ni ile ya shule. Mwalimu anaita jina, ukiwepo unaitika naam, usipokuwepo pananyamaza. Nilimwambia hivyo kwa utundu tu, nikidhani atakasirika. Hakukasirika hata kidogo. Akasema ndivyo hivyo hasa: ni benchi la wanafunzi wanane, na kila mmoja ama yupo ama hayupo. Aliyepo ni moja, asiyekuwepo ni sifuri, na hesabu zote za ulimwengu zinapita hapo. Akachora mstari wa visanduku vinane vilivyogusana, na juu ya kila kimoja akaandika namba yake. Alianzia kulia. Sifuri, moja, mbili, akaenda hivyo kushoto mpaka saba.

Maalim akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Unahesabu kutoka kulia?"

"Kutoka kulia, mzee."

Mgeni alipogeuka kutafuta karatasi nyingine, Maalim akaninong'oneza, "Mashine hii imesoma chuoni."

Vile visanduku viwili vya mwisho, vya kushoto, vilikuwa vitupu. Mgeni akaeleza kwamba hivyo havina kazi bado. Waliotengeneza kidude wameviacha kwa ajili ya jambo litakalokuja baadaye, ambalo wao wenyewe hawalijui, na kijana asiviguse. Katika maandishi yake alikuwa ameandika juu ya visanduku hivyo "Imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye." Maneno yote hayo yakae mahali penye upana wa ukucha. Nilijaribu kwa herufi ndogo kuliko zote tulizokuwa nazo, yakatoka kama safu ya sisimizi walionyeshewa, na bado yakazidi. Mgeni akafuta neno moja, kisha jingine, kila analofuta anasikitika.

Nikamkumbuka mama. Kila siku akishapima mchele wa kupika, huchota konzi moja akairudisha mtungini. Ukimuuliza ya nani, hukwambia ya mgeni ambaye hajapiga hodi. Nikasema, "Tuandike akiba." Mgeni akalitazama neno kwenye kamusi yake ya mfukoni, akalipima kwa kidole juu ya kisanduku, likaenea na nafasi ikabaki. Akafurahi kama aliyeokota.

"Akiba haiozi," akasema Maalim, akarudi kwenye kazi yake.

Tangu siku hiyo, kila akipita nyuma yangu nikiwa napanga vile visanduku visivyo na wenyewe bado, aliniuliza, "Wenyewe hawajafika?"

"Bado, Maalim."

"Basi wasubiri."

Nilivipanga kwa muda mrefu sana visanduku vile. Ukuta wa kila kimoja ulikuwa ukanda mwembamba wa shaba, na pembe zilitakiwa zikutane kabisa, maana pembe ikiachana unywele mmoja tu, kwenye karatasi panaonekana mlango wazi. Ndani nilijaza vipofu mpaka kisanduku kikakaza. Kitabu kizima kilikuwa visanduku, ukurasa baada ya ukurasa, na mvua haikukatika. Baada ya chakula cha mchana, usingizi ukinichezea, nilikuwa sijui tena kama ninapanga au ninaota. Vidole viliendelea vyenyewe. Nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata kazini kabla yake wala baadaye.

Nilipotoka jioni kurudi kwetu Ng'ambo, nilipita vichochoro vya Mji Mkongwe na visanduku vyangu vikanifuata. Niliona madirisha. Lililo wazi nikaliita moja, lililofungwa nikaliita sifuri, nikasoma nyumba nzima kuanzia kulia. Nyumba ile ile asubuhi ilikuwa hesabu nyingine, jioni nyingine, kwa sababu tu mwanamke mmoja amefungua dirisha aanike kanga. Palikuwa na nyumba ambazo madirisha yake yalikuwa hayafunguliwi tangu wenyewe walipoondoka, miaka michache nyuma, mimi nikiwa bado mtoto wa shule. Mwanzo hizo niliziita sifuri. Baadaye nikaanza kuziita akiba, nikawa napita mbele yake polepole. Nikifika sokoni Darajani harufu ya samaki inaniamsha, nanunua alivyoniagiza mama, na ndoto imekwisha.

Kisha vipofu vikaniishia. Nilikuwa nimefika katikati ya kitabu. Risasi ghalani hamna, na meli iliyotazamiwa kuileta ilikuwa haijaonekana. Mkuu wa kiwanda, mtu mpole lakini mwenye haraka kila siku, akaja akasimama chini ya dirisha, akaitazama ile kanga kuukuu. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Maalim," akasema, "hizi zimekaa miaka. Mimi sina njia nyingine."

Nilitaka kusema kitu kibaya. Nilikuwa na ulimi siku zile, na huyo mkuu alikuwa anaujua. Maalim akaninyoshea mkono ninyamaze, akamwambia, "Sawa, bwana. Lakini ntaziyeyusha mwenyewe."

Kesho yake asubuhi tukawasha moto chini ya chungu cha chuma, uani, chini ya kipenu. Maalim akaleta makasha yake mwenyewe, hakukubali nimsaidie kubeba. Akawa anachota chumba kimoja kimoja kwa mkono, na kabla ya kumimina anaitaja herufi kwa jina lake, kwa sauti ile ya kuvuta ya watoto wa chuoni. Alifu. Be. Te. Herufi zilikaa juu kidogo, zikang'aa, kisha zikajiachia zikawa maji. Mimi nilisimama na upawa mkononi, na hakuna aliyemwitikia. Watoto wakisomeshwa huitikia, lakini pale palikuwa na mvua tu. Nilimchukia mkuu, nikaichukia meli, nikaichukia na ile mashine yenye miguu ya tandu. Maalim hakulia. Alipofika ye, herufi ya mwisho, akakung'uta kasha kwa kiganja, akalisimamisha ukutani.

Risasi ile tukaimimina kwenye kalibu, ikatoka vipofu. Kimoja kilipokuwa bado na joto akanitia mkononi.

"Haya," akasema, "mpeleke kwenye akiba."

Nikavipeleka. Nilivijaza ndani ya vile visanduku vitupu, kurasa zote zilizobaki, chini ya neno lile lile. Wiki nzima sikumsemesha mkuu ila kwa kichwa, na makasha niliyafunga kwa kishindo ili asikie. Alisikia, akavumilia. Na Maalim hakuniuliza tena kama wenyewe wameshafika. Swali hilo ndilo nililolikosa kuliko vitu vyote.

Kurasa zikishapangwa, hulazwa juu ya meza ya chuma kwa mpango maalumu, ili karatasi ikipigwa chapa pande mbili na kukunjwa, ukurasa wa pili ufuate wa kwanza. Kazi hiyo ilikuwa ya Maalim. Hata kwa macho yale hakuna aliyemfikia, kwa sababu hakuifanya kwa macho. Alizisogeza kurasa, akazikaza kwa kabari, akapapasa ukingo wote, akasema tayari. Mashine ikanguruma siku mbili, karatasi zikaanikwa kwenye kamba chumba kizima, nasi tukawa tunapita chini yake tumeinama kama wanaopita chini ya nguo mbichi.

Msichana wa chumba cha kukunja ndiye aliyekuja na karatasi ya kwanza iliyokunjwa. Akaniuliza taratibu, "Bi, mbona kitabu hiki kimeanzia mwisho?"

Nikakichukua. Nilipokishika kama vitabu vyote, mbele nikakuta ukurasa wa mwisho. Nilipokigeuza, mgongo ukakaa kulia, na hapo kurasa zikafuatana vizuri, moja, mbili, tatu. Maandishi yalikuwa Kiswahili cha herufi za Kizungu, kila mstari unakwenda kulia kama kawaida, lakini kitabu kizima kilifunguliwa kama juzuu. Maalim alikuwa amezilaza kurasa kwa mpango wa kitabu cha Kiarabu.

Mkuu aliitwa. Alitazama zile kamba, karatasi zote zilizoninginia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Karatasi ilikuwa haba sawasawa na risasi. Maalim naye akaja, akashika ile iliyokunjwa, akaisogeza mpaka jichoni, akaifungua, akaifunga. Nilikuwa nikingoja aseme samahani ili nipate kumtetea.

"Visanduku vyenyewe vinaanzia kulia," akasema. "Mkono ukafuata."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa mkono peke yake. Nilimtazama usoni, na uso ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri.

Nikisema kweli, mkuu yule nilimwonea. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo yake, akageuza karatasi huku na huku, mwisho akasema tusikunje tena: tukate kila karatasi pale kwenye mkunjo, tupange majani moja juu ya jingine, tushone kwa ukingo wa kushoto. Ukingo utakuwa mwembamba, lakini kitabu kitasomeka. Ndivyo tulivyofanya, wote, na yeye mwenyewe akashika mkasi. Mgeni alipokuja kuchukua vitabu vyake aliona pembe za visanduku zimekutana, akapeana mikono na kila mtu, na kwa Maalim akasema "Shikamoo." Mtu gani alimfundisha sijui.

Seti moja ya karatasi sikuikata. Niliikunja kama ilivyotaka yenyewe, nikaishona kulia kwa uzi mweupe, nikaitilia jalada la karatasi ya buluu. Mkuu alipita nikiwa nashona. Aliona, akageuza uso dirishani, akawa anaitazama mvua mpaka nilipokata uzi.

Nikampelekea Maalim. Akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua upande wake, na kabla hajajijua mdomo ukatamka, "Bismillahi." Kisha akacheka, maana ukurasa ule wa kwanza ulieleza namna ya kushika kidude bila kuvunja miguu yake.

"Si cha bokoboko," akasema, "lakini nnashukuru."

Mwaka uliofuata macho yakamfungika, akaenda kukaa kwa binti yake, Mkokotoni. Nilikwenda kumtazama, siku ya soko, na machungwa niliyoyanunua njiani. Alikuwa amekaa kitandani, ubavuni kwa dirisha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mikono bado ina wino?"

"Bado."

Akapapasa chini ya mto, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kanga, nikaitambua kuwa ndiyo ile iliyokuwa chini ya dirisha letu. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha buluu. Akaniambia nimfungulie palipo na visanduku, kurasa za mwisho. Nikafungua, nikamwekea kidole pembeni, kulia kabisa.

Mashine yetu ilikuwa nzito, na zile kuta za shaba ziliiuma karatasi mpaka mtu akiipapasa anazisikia. Kidole cha Maalim kikapanda ukuta wa kwanza, kikashuka. "Sifuri," akasema. Kikapanda wa pili. "Moja." Akaenda hivyo kushoto, bila haraka, mpaka akafika kwenye akiba. Hapo karatasi ilikuwa laini, haikuguswa na kitu. Kidole kikasimama.

Safari hii nikauliza mimi. "Wenyewe hawajafika, Maalim?"

"Wamo," akasema.

Kidole kikaanza kutembea tena mle ndani ya weupe, taratibu, kutoka kulia, na yeye akaanza kuita kwa sauti ile ya kuvuta niliyoisikia uani siku ya chungu.

"Alifu."

Nje binti yake aliwaambia watoto wanyamaze, babu anasomesha.

"Naam," nikaitika.

"Be."

"Naam."

Nikamwitikia kila herufi, mpaka tulipofika ye.